Mstari Uliotoboa Dari

Ipo nchi moja ambayo jina lake hutajwa kwa kibali maalumu, na kwa kuwa mimi kibali sina, tutaiita hivyo hivyo: nchi. Ina bahari upande mmoja, kilima upande wa pili, na katikati Wizara ya Mafuta. Wizara ina ghorofa tisa na lifti moja, na lifti hiyo hupanda tu. Wanaotaka kushuka hutumia ngazi, maana Mheshimiwa Rais alishasema hadharani kwamba hapendi kuona kitu chochote cha serikali kinateremka.

Katika ukumbi wa ghorofa ya tisa kuna ukuta mrefu uliopakwa chokaa, na kwenye ukuta huo imechorwa mistari miwili. Mwekundu ni wa mafuta ghafi yanayouzwa nje. Wa kijani ni wa mafuta ghafi yanayoingizwa nchini. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza nchi inayouza mafuta ghafi inanunua mafuta ghafi ya nini. Alijibiwa kwa upole kwamba taifa lililoendelea huuza kwa wingi na hununua kwa wingi, kisha akasindikizwa uwanja wa ndege kabla hajamaliza soda yake.

Kila baada ya miezi mitatu Rais alipanda lifti, akasimama mbele ya ukuta mikono nyuma, akaitazama mistari. Ikiwa imepanda, alinywa chai. Mara moja tu mstari mwekundu uliteremka kwa upana wa kidole. Mkurugenzi aliyeuchora hajulikani alipo mpaka leo, na mkewe hupelekewa rambirambi na pongezi katika bahasha moja, kwa kuwa Wizara bado haijaamua.

Chini bandarini, mbali na chokaa hiyo, alikuwako Bi Mwajabu Kitwana, Mpima Mkuu wa Matangi. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa moja. Alipanda juu ya tangi, akafungua kifuniko, akateremsha utepe wa chuma wenye bildi, kizito cha shaba cha kuuzamisha, mwishoni. Bildi ikigonga chini, aliuvuta utepe, akatazama mafuta yameulowesha mpaka wapi, akaandika namba. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sura na mkali wa macho, na alikuwa na kasoro moja ambayo serikali ilimvumilia: hakujua kuandika namba asiyoiona. Kwa hiyo namba zake zilipelekwa ghorofa ya tisa, na huko zikafundishwa adabu.

Siku moja, wakati meli ya taifa iitwayo Fahari Yetu inapakia kwenda nje, utepe ulikatika na bildi ikazama ndani ya tangi la meli. Bi Mwajabu aliipigia meli kelele, lakini mpiga tarumbeta alikwisha kulipiga tarumbeta la kuaga, na kanuni ya tano ya bandari inasema tarumbeta la kuaga likilia, mzigo huondoka, hata kama Waziri mwenyewe yupo juu yake. Meli ikaondoka. Bi Mwajabu akaandikiwa barua ya onyo kwa kupoteza mali ya umma.

Wiki sita baadaye ikaja meli kuleta mafuta kutoka nje. Ilikuwa na jina Rafiki wa Mbali, rangi ya jina haijakauka, na nahodha alikuwa yule yule wa Fahari Yetu, ila safari hii amevaa miwani ya jua. Mafuta yakashushwa. Vibarua walioingia kusafisha tangi wakatoka na bildi ya shaba iliyochongwa herufi mbili kwa msumari: M.K.

Bi Mwajabu aliifuta kwa upindo wa kanga, akapanda lifti mpaka kwa Mkurugenzi wa Mistari, Bwana Festo Lukinga. Huyu alikuwa mtu msafi, mwenye kalamu nne mfukoni: mbili nyekundu na mbili za kijani.

"Bwana Mkurugenzi," akasema Bi Mwajabu, "mafuta tuliyonunua ni yale yale tuliyouza."

"Una ushahidi, mama?"

"Bildi yangu hii hapa. Niliipoteza ikienda, nimeipata ikirudi."

Bwana Lukinga akaishika, akaigeuzageuza, uso ukamkunjuka. "Hongera sana, mama! Imeuzwa nje na imeingizwa nchini. Nitaiandika pande zote mbili."

Ndipo Bi Mwajabu alipoelewa. Visima vya nchi vilikuwa vimeanza kukohoa tangu utawala uliopita, na sasa vilitoa upepo tu. Mafuta yote yaliyobaki yalikuwa tangi moja, na tangi hilo ndilo lililokuwa likitembezwa baharini, likiondoka kwa jina hili na kurudi kwa jina lile. Nyumba nzima ya Wizara ilijua, kuanzia Waziri mpaka mfagizi. Aliyekuwa hajui ni yeye, aliyekuwa akiyapima kila siku kwa mkono wake, na jambo hilo lilimuuma kuliko ile barua ya onyo.

Tatizo la mafuta yanayotembezwa ni kwamba hupungua. Fahari Yetu ilikuwa na injini ya zamani isiyochagua chakula. Ilikunywa mafuta hayo hayo iliyoyabeba. Bi Mwajabu alipima mita kumi na nne. Safari iliyofuata akapima kumi na moja. Kisha saba. Ghorofa ya tisa waliona hatari, wakakaa kikao cha siku tatu chenye maandazi, na wakatoka na dawa: kama mafuta ni machache, yatoke mara nyingi zaidi.

Basi safari ya wiki sita ikawa ya wiki mbili, ya wiki mbili ikawa ya siku moja, na mwishowe meli ilikuwa inatoka gati la kwanza, inauzunguka mnara wa taa, na kufunga gati la pili kabla ya chai ya saa nne. Mabaharia walibadilisha sare wakiwa kwenye kona. Bendi iligawanywa, nusu ya kuaga na nusu ya kulaki, ila tarumbeta lilikuwa moja, kwa hiyo Koplo Mashauri aliyelipiga alishinda akikimbia kati ya gati na gati, mashavu yamemvimba, jasho linamtiririka shingoni. Mistari ukutani ilipanda mpaka wachoraji wakaletewa ngazi.

Wakati huo wote mji haukuwa na mafuta ya kuwasha hata koroboi. Mtambo wa kusafishia mafuta ulikuwa umepigwa kufuli na lakiri, kwa sababu mafuta yaliyosafishwa si ghafi, na yasiyo ghafi hayana mstari. Umeme uliokuwepo ulilishwa Wizara, kwa ajili ya lifti. Kule kilimani, hospitali ilikuwa na jenereta lisilo na dizeli kwa mwezi wa tano, na chumba cha upasuaji kilikuwa cha ndani kabisa, hakina dirisha. Mwezi uliopita mke wa fundi cherehani alipanda kilima kwa miguu yake kwenda kujifungua. Alirudishwa amebebwa, yeye na mtoto wake.

Na Sihaba, binti pekee wa Bi Mwajabu, alikuwa na mimba ya miezi minane na ushee.

Daktari Anziruni alimpapasa Sihaba tumbo, akampapasa tena, halafu akamwita Bi Mwajabu kando. "Mtoto amelala kwa upana, mama. Hatageuka. Ni kisu tu, na mimi siwezi kumpasua mtu gizani kwa kubahatisha. Wiki mbili unazo. Nitafutie dizeli."

Bi Mwajabu alirudi kwa Bwana Lukinga. Hakuwahi kuomba kitu serikalini miaka yote hiyo, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa jinsi ilivyokuwa ndogo. Alieleza habari ya binti yake. Aliomba pipa moja tu la mafuta ghafi; Fundi Chande, mzee wa ule mtambo uliofungwa, alikuwa tayari kulichemsha mwenyewe katika mtambo mdogo wa majaribio mpaka litoe dizeli.

Bwana Lukinga alisikiliza kwa huruma. Alikuwa mtu wa huruma sana. Huruma ilikuwa imeandikwa kwenye mlango wake, chini ya cheo. Akafungua daftari kubwa lenye safu tatu.

"Pipa hilo litaondoka nchini?"

"Hapana, bwana. Litakwenda hospitali."

"Litaingia nchini?"

"Si limo humu humu tayari!"

"Basi tazama, mama. Safu ya kwanza ni Yaliyotoka, ya pili ni Yaliyoingia, ya tatu ni Yaliyopotea. Pipa lako nitaliweka wapi? Linaangukia hapa kwenye Yaliyopotea. Na kwa miaka sita mfululizo safu hii ni tupu. Mheshimiwa Waziri aliivalia nishani."

"Lakini halitapotea. Litatumiwa na wananchi."

"Ndiyo maana ya kupotea," akasema Bwana Lukinga kwa upole, akalifunga daftari. Alipomwona Bi Mwajabu haondoki, akaona amtie moyo. "Mama, nakuhurumia. Kama hospitali ile ingekuwa nchi ya kigeni, leo hii ningekupa mapipa matatu na bendi juu."

Bi Mwajabu akaanza kushuka ngazi, maana lifti haishuki. Ghorofa ya saba alikuwa analia. Ghorofa ya sita alikuwa anatukana. Ghorofa ya nne alisimama ghafla, akashika ukingo wa ngazi. Kisha akashuka zilizobaki mbio, na kupanda kilima bila kupumzika.

"Daktari," akasema akihema, "hospitali yako inaweza kuwa nchi?"

Daktari Anziruni alikuwa anachemsha mikasi juu ya kuni. Hakucheka. "Mimi humu nimekuwa fundi bomba, mchimba makaburi na mpishi," akasema. "Urais hautanishinda."

Siku ile ile Jamhuri ya Kilimani ikapata uhuru. Bendera ilikuwa shuka la kijani la chumba cha upasuaji. Mpaka ulikuwa kamba ya kuanikia nguo, ikafungwa kati ya nguzo mbili za lango. Daktari akawa Rais, muuguzi mkuu akawa Waziri wa Ulinzi, na wagonjwa wa wodi ya wanaume, ambao hawakuwa na kazi nyingine, wakawa bunge. Barua ikaandikwa kwa Wizara ya Mafuta: Jamhuri ya Kilimani, kwa kuvutiwa na sifa za mafuta ghafi yenu, inaomba kuuziwa mapipa matatu.

Ghorofa ya tisa kulikuwa na vigelegele. Hakuna aliyeuliza nchi hiyo iko wapi. Ilitosha kwamba ilikuwa nje. Waziri wa Mafuta, Mheshimiwa Ladislaus Mapembe, alitangaza redioni kwamba diplomasia yake ya miaka minane imezaa soko jipya, na akapanga sherehe ya kukabidhi mzigo mpakani siku ya Alhamisi. Bi Mwajabu aliomba iwe Jumatatu, kwa sababu hali ya binti yake ilikuwa haisubiri. Akajibiwa kwamba suti ya Waziri iko kwa dobi.

Alhamisi hiyo alfajiri, Sihaba akashikwa na uchungu.

Saa tatu asubuhi mapipa matatu yalikuwa juu ya mkokoteni mbele ya kamba. Upande wa pili Fundi Chande alikuwa amekwisha kuwasha kuni chini ya mtambo wake mdogo. Kati ya mkokoteni na kuni palikuwa na hatua ishirini na hotuba ya Waziri.

"Ndugu zangu wa mataifa haya mawili!" akaanza Mheshimiwa Mapembe, na wauguzi wakatazama nyuma yao kuona anasema na nani. "Leo historia imekunja suruali na kuvuka mto! Leo mafuta yetu, ambayo ni damu ya taifa, yanakwenda kutiririka katika mishipa ya jirani! Nani angedhani? Mimi nilidhani. Nililidhani jambo hili mapema sana, nikiwa bado shule ya msingi..."

Kutoka dirisha la wodi kilisikika kilio. Bi Mwajabu alikijua. Alikijua tangu kilipokuwa kilio cha kuomba uji. Akamsogelea msaidizi wa Waziri. "Baba, hotuba ina kurasa ngapi?"

"Arobaini, mama. Tupo wa sita."

"Na mzigo?"

"Mzigo hauvuki kabla ya tarumbeta."

Kilio kikaja tena, kirefu zaidi, na mwishoni kikavunjika. Bi Mwajabu alitazama mapipa aliyoyapima mwenyewe, akatazama kamba ya nguo, akamtazama Waziri aliyekuwa amefika darasa la nne. Alimchukia mtu yule kwa roho yake yote, suti na kurasa pamoja. Kisha macho yake yakaangukia kwa Koplo Mashauri, aliyesimama jua kali na tarumbeta lake kwapani, akisinzia.

Akaenda karibu yake. "Koplo, mke wako alijifungua wapi?"

Koplo akafumbua macho. Akasikia kilio. Alilipandisha tarumbeta mdomoni na kulipiga la kuaga, lote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa nguvu zake zote.

Kanuni ya tano haina mjadala. Vibarua wakausukuma mkokoteni, kamba ikainuliwa, mapipa yakavuka. Mheshimiwa Waziri hakushtuka. Alikuwa amezoea kuhutubia huku vitu vinaondoka.

Fundi Chande alichemsha, akachuja, akachemsha tena. Adhuhuri, Waziri akiwa ukurasa wa ishirini na tisa, jenereta lilikohoa mara tatu na kunguruma mpaka kilima kizima kikatetemeka. Mheshimiwa Mapembe alidhani ni makofi. Akainama kulia, akainama kushoto, na kwa furaha akarudia ukurasa wa kumi na tano. Huko ndani taa ilikuwa imewaka, na Daktari Anziruni alikuwa ameshika kisu. Mtoto alipolia, Bi Mwajabu alikaa chini palepale kwenye sakafu ya ukumbi. Mtoto alikuwa msichana, na mama yake alikuwa mzima.

Siku ya nane Sihaba aliruhusiwa kwenda nyumbani. Langoni, kwenye kamba, wakamkuta Bwana Lukinga na meza na daftari.

"Mama mtu apite, ni raia anayerejea," akasema. "Lakini huyu mdogo hakutoka humu. Amezaliwa ng'ambo. Kwa hiyo anaingizwa, na bidhaa inayoingizwa lazima ipimwe. Bi Mwajabu, wewe ndiye mpima."

"Utamwandika wapi, bwana? Daftari lako ni la mafuta ghafi."

"Daftari ni hili tu."

Bi Mwajabu akatoa utepe wake mfukoni, akaifungua ile bildi ya shaba isimguse mtoto, akampima kutoka utosini mpaka kisiginoni. "Sentimita hamsini na moja."

Bwana Lukinga akaandika, akainamisha kichwa pembeni, hakuridhika. "Tumwongeze sifuri mbili, mama. Rais anakuja Jumatano."

"Huyu ni hamsini na moja," akasema Bi Mwajabu. "Jaribu kuongeza hata nukta, nikuzibe mdomo kwa bildi hii."

Hakuongeza. Lakini alikuwa na neno jingine. Kilimani ilikuwa imenunua mapipa matatu na haikuyauza tena, wakati marafiki wote wa kweli wa taifa huyarudisha mafuta. Mstari wa kijani ulikuwa unaonewa. Kwa hiyo kuanzia leo Wizara inaiwekea Jamhuri ya Kilimani vikwazo. Siku kumi na moja baadaye, dizeli iliyobaki ikaisha na jenereta likanyamaza. Wanawake tisa walikuwa wamejifungua kwa taa ile. Wa kumi alikuwa bado anapanda kilima.

Bi Mwajabu aliposikia kimya kile hakusubiri kuagizwa. Alikwenda bandarini, akapanda Fahari Yetu, akafungua kifuniko na kuteremsha utepe. Bildi ikashuka, ikashuka, ikagonga chuma kikavu. Aliuvuta utepe wote. Ulikuwa safi kama ulivyotoka dukani. Meli ilikuwa imeyanywa mafuta ya nchi nzima kwa kuzunguka mnara wa taa.

Akaandika sifuri, ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja, akaipandisha ghorofa ya tisa mwenyewe. Alitaka kuwaona nyuso.

Bwana Lukinga aliipokea ile karatasi kwa mikono miwili. Akaisoma, akamwita Waziri, Waziri akaisoma. Wakatazamana, na macho ya Waziri yakalengwa na machozi.

"Mama," akasema Bwana Lukinga, "hii ndiyo tuliyoikosa." Akaichukua ile sifuri, akaiweka mwisho wa namba ya mwezi uliopita.

Mauzo ya nje yakapanda mara kumi kwa mkupuo. Mstari mwekundu ulifika mwisho wa ukuta, ukaingia darini, na kwa kuwa dari halikutosha, mafundi wakaitwa na nyundo kulitoboa. Vumbi la chokaa likawamwagikia wote. Bi Mwajabu akaweka kalamu mezani na kuitia bildi mfukoni.

"Hiyo ni mali ya umma," Waziri akamkumbusha, akipiga chafya.

"Ilishauzwa nje, Mheshimiwa. Tazama kwenye daftari lenu."

Akashuka ngazi ghorofa zote tisa, akapita njia ya kilimani kwenda nyumbani kumwona mjukuu wake. Vipaza sauti vya Wizara vilikuwa vinatangaza rekodi mpya, na bendi inapiga. Langoni pa hospitali, chini ya shuka la kijani, alisimama mwanamume mmoja amemshika mkewe mgongoni. Mke amejiinamia, ameng'ata kanga, hawezi kusema. Mume alimtambua Mpima Mkuu, uso wake ukapata matumaini.

"Shikamoo, mama. Tumesikia redioni. Ni kweli mafuta yapo?"

Bi Mwajabu aliingia upande wa pili wa yule mwanamke, akamshika mkono, wakaanza kumtembeza polepole kuelekea ndani.

"Yapo, mwanangu," akasema. "Yamejaa tele kule, ukutani."